Tiketi Tatu Kutoka Lumbwa

Kisumu, 11 Machi 1934

Kwa mwanangu Nikanor Okello,

"Kitabu ni kitabu, hata kikisomewa jikoni kwenye moshi." Maneno hayo ni yako, nimeyatoa katika barua yako ya Februari, na nimeyaweka hapa juu kabisa usije ukasema nimekusingizia. Nitayajibu. Lakini hatukulelewa porini, salamu kwanza.

Hapa Kisumu hatujambo. Asubuhi nafundisha, jioni nawaandikia wahariri wa magazeti barua ambazo hawapendi kuzichapa. Mama yako Beldina alikuja soko la Jumamosi kutoka Seme, goti lake limepoa. Dada yako Celine amejifungua mtoto wa kiume. Ana afya nzuri, ila analia kupita kiasi na ziwa analikataa. Ni tumbo. Tutambatiza Yonathani.

Sasa tuingie jikoni kwako. Ikiwa kitabu ni kitabu popote, basi na mbegu ni mbegu hata ukiimwaga juu ya mwamba. Unataka kujifunza uhasibu kwa masomo ya posta kutoka London, ukiwa bado karani wa shamba la chai, na nafasi ninayokutafutia katika chuo cha biashara cha Uganda uiache ipite. Hebu tazama kazi ya posta ilivyo. Unafanya hesabu ya somo la tatu, unakosea. Kosa lako linapanda gari la moshi, linapanda meli, linapita bahari mbili, linafika kwa mzee mmoja mwenye wino mwekundu. Analikata. Linarudi kwa njia ile ile. Siku linapofika mkononi mwako, umeshalijengea juu yake masomo mengine sita, yote yamepinda. Chuoni ungekosea saa nne, na saa nne na robo mwenzako wa dawati moja angekucheka. Kicheko hicho, Okello, hakiuzwi kwa posta.

Nijibu kwa hoja. Sitaki heshima tupu.

Baba yako mdogo,
Zablon Ogola

—

Kericho, 2 Aprili 1934

Baba mdogo Ogola,

Nakuamkia kwa heshima, ingawa umesema hutaki heshima tupu. Hongera kwetu sote kwa mtoto. Mwambie Celine nimefurahi. Huku mvua imeanza kwa nguvu. Kila siku baada ya chakula cha mchana mbingu inafunga, mvua ya mawe inashuka, wachumaji wanakimbilia mabandani na kikapu kichwani. Majani yaliyopigwa na mawe hugeuka meusi, na meneja hukasirika kana kwamba sisi ndio tulioyarusha.

Hoja ya meli nimeikubali, umeshinda. Lakini nami ninayo yangu. Yule mzee wa London mwenye wino mwekundu hajui mimi ni nani. Hajui kijiji, hajui kabila, haoni rangi ya mkono ulioandika. Anaona jumla, na jumla ama ni sawa ama si sawa. Katika nchi hii ni wapi pengine ambapo nitapimwa namna hiyo? Tena chuoni nitafundishwa manunuzi na mauzo ya duka la kufikirika, ambapo hakuna mtu anayekaa nyuma ya kaunta. Hapa nafanya kazi mchana na kusoma jioni, na kitabu kinanieleza mambo niliyoyashika kwa mkono siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nyumba yangu ndiyo chuo changu. Inatazama mstari wa juu wa chai, karibu na ukingo wa msitu wa zamani. Ni mahali pazuri pa kusoma.

Ungekuja uone, Baba mdogo. Ni gari la moshi hadi Lumbwa, halafu lori. Hujafika huku hata mara moja.

Mwanao,
Nikanor Okello

—

Kisumu, 19 Aprili 1934

Mwanangu Okello,

Tumepata barua yako na tuko salama, isipokuwa Yonathani, ambaye ametunyima usingizi nyumba nzima. Wanawake wa Seme wananong'ona kwamba mtoto anataka jina la mtu fulani. Nimewaambia anataka maji ya bizari.

Mama yako anauliza swali, nami naliandika kama alivyolisema: "Mtoto wa jirani ni mfagiaji kwenye shamba la chai, na kila akirudi anamletea mama yake majani. Wangu ni karani. Mbona sijaonja?" Hili ni swali la haki. Lijibu.

Turudi kwa London. Unajivunia kwamba mzee yule haoni rangi ya mkono wako. Mimi nasema hilo ndilo tatizo lenyewe. Unataka kufaulu kwa sababu hukuonekana. Utapata cheti chako kizuri, utakitundika juu ya kitanda katika nyumba ya kambi, na meneja wako atapita nje kila siku bila kujua kipo. Mimi nataka vijana kumi waingie mlango mmoja, wakae dawati moja, watoke na cheti kimoja, wasimame mbele ya ofisi moja na kusema: sisi hapa, tupeni kazi inayolingana na kichwa chetu. Mtu mmoja aliyejificha akasoma ni ajabu, na ajabu husifiwa kisha ikasahauliwa. Kumi ni jambo ambalo serikali italazimika kulijibu.

Na shamba hilo unaloliita chuo, usisahau ni la nani. Wakipsigis waliochunga ng'ombe hapo sasa wanachungulia kutoka ng'ambo ya ua. Mahali pa namna hiyo hapamfundishi mtu kukaa. Panamfundisha kuondoka.

Kuhusu kuja huko: nina mikutano.

Baba yako mdogo,
Z. Ogola

—

Kericho, 30 Juni 1934

Baba mdogo,

Samahani kwa kuchelewa. Sijambo. Nimefurahi kusikia Mama anatembea bila fimbo. Nimemtumia blanketi kwa mkono wa Ajwang, kijana wa kwetu Seme anayefanya kazi kiwandani huku, aliyekuja huko likizo. Natumaini limefika.

Majibu ya masomo mawili ya kwanza yamerudi kutoka London. La kwanza sikukosea. La pili nimekosea mahali pamoja, na kama ulivyosema, kosa lile limeambukiza masomo yaliyofuata. Nimeyafanya upya yote. Sikuona taabu. Ninasoma kwa sauti, na kurudia kwa sauti. Imekuwa desturi yangu kila mvua ya mawe inapoanza, kwa kuwa ofisi hufungwa na kazi husimama.

Hoja yako ya watu kumi ni nzito na sina jibu lake. Lakini siwezi kuondoka sasa.

Je, huko kwenu mnasikia watu wakikata miti wakati wa mvua? Huku nasikia shoka. Ni shoka moja, linapiga polepole kama la mtu asiyeharakishwa na yeyote. Sijui wanakata wapi, maana miti ya upande huu iliisha kukatwa zamani, kabla chai haijapandwa.

Msalimie Celine na mtoto.

N. Okello

—

Kisumu, 12 Julai 1934

Okello,

Blanketi limefika. Mama yako ameshukuru, kisha akauliza tena: majani ya chai yako wapi? Umejaza karatasi nzima, na swali la mama yako umeliruka kama shimo la njiani.

Nafasi imepatikana. Chuo cha Uganda kitakupokea Januari, uhasibu, miaka miwili, ukikaa bwenini. Nimekupigania nafasi hiyo kwa barua ambazo zingeweza kuvunja urafiki, na mojawapo imeuvunja. Wanataka jibu lako kabla ya mwisho wa Novemba. Ukinyamaza wataipa mtu mwingine, na hawatafungua mlango huo mara ya pili.

Unaandika "siwezi kuondoka sasa" halafu unaweka nukta, kana kwamba nukta ni sababu. Kuna msichana? Sema. Kuna mtu anakutishia? Sema. Kuhusu shoka, umekaa peke yako mno. Huyo ndiye mwalimu wa masomo ya posta: upweke, na ndiye huyo anayekusomesha kusikia visivyopo.

Yonathani amenyamaza wiki hii. Nimegundua sababu na imenikera. Mama yako na wanawake wenzake wanamwita kwa siri Obonyo, jina la marehemu baba yako. Wakimwita hivyo ananyonya. Wakimwita Yonathani anageuza uso ukutani. Mimi nasema ni bahati tu, mtoto mchanga hajui jina. Nimewaambia hivyo. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakamwita Obonyo nikiwa bado nimesimama mlangoni.

Z. Ogola

—

Kisumu, 3 Septemba 1934

Okello,

Sote wazima. Hujajibu. Ajwang anasema umekonda, na kwamba mvua ikianza watu wa kambi wanakusikia ukisoma hesabu kwa sauti kama mchungaji anayehubiri bila kusanyiko. Anasema pia hunywi chai. Karani wa chai asiyekunywa chai.

Nauliza mara moja tu. Una nini?

Ogola

—

Kericho, 29 Septemba 1934

Baba mdogo Ogola,

Nakuamkia kwa heshima yote. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini Mama, Celine na mtoto wako salama. Mtoto nitamwita kama Mama anavyomwita.

Umeuliza, nami nitajibu kila kitu mara moja, kwa kuwa nikikatiza sitaweza kuendelea.

Niliwaambia kwamba nilipata kazi hapa kwa bahati. Haikuwa bahati. Niliomba shamba hili kwa jina, kwa sababu ndilo Baba alilofia mwaka 1926, wakati msitu unafyekwa. Mnajua mti ulimwangukia. Mlichoambiwa ni kwamba alizikwa "huko shambani". Mimi nimeshapajua. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, wenzake wakamzika palepale alipoangukia. Mwaka uliofuata, chai ilipandwa juu. Ni mwisho wa mstari wa juu, mbele ya mlango wangu.

Utapatambua kwa macho. Chai yote ya hapa imepogolewa usawa wa kiuno, kama meza. Pale mwisho kuna michai iliyoachwa ikakua kuwa miti. Hakuna anayeichuma. Mosoti, Mkisii aliyekuwepo siku ile na ambaye mpaka leo ni mchumaji, ndiye aliyenieleza. Nilimuuliza kwa nini wanairuka. Akasema, "Karani, wewe ukipita kwa mtu unachuma mboga mlangoni pake na mwenyewe yuko ndani? Sisi tunapiga hodi kwa macho, tunapita." Wanyapara waliwapigia kelele miaka ya kwanza, kisha nao wakanyamaza.

Ndiyo maana sinywi chai ya hapa, na ndiyo maana Mama hajaonja. Najua hiyo michai haichumwi. Lakini mizizi haina mipaka, Baba mdogo, na mimi siwezi kumtumia mama yangu kitu ambacho sijui kimenywa nini ardhini.

Mvua ya mawe ikianza, shoka linaanza. Mosoti naye analisikia, ila yeye hupandisha blanketi kichwani. Mimi siku moja nilikuwa nasoma somo langu kwa sauti, likanyamaza. Niliposimama kufungua ukurasa, likapiga. Nikaendelea kusoma, likanyamaza tena. Sijui kama anasikiliza hesabu au anasikiliza sauti tu. Yeye hakujua kusoma; alitaka mimi nijue. Basi ninamsomea. Hilo ndilo jambo ambalo chuo chako hakinalo, na ndiyo sababu ya ile nukta iliyokukasirisha. Nikienda Uganda, nani atasoma?

Kanuni ya kwanza katika masomo haya ni kwamba kila kilichotoka upande mmoja lazima kionekane kimeingia upande mwingine, la sivyo kazi haifungwi. Baba alitoka Seme. Hakuingia popote. Nyumba ya Mama haina kaburi upande wa kulia, pale mwenye nyumba anapopaswa kulala. Mimi ni mwanamume mzima na siwezi kujenga boma, kwa kuwa la baba yangu halijafungwa.

Wazee walisema wakati ule, kama mwili haupatikani, tunda la yago, la mti wa mwegea, lizikwe mahali pake, lile zito linaloning'inia kama mtoto mgongoni, naye aitwe arudi. Uliandika kutoka Kisumu: "Tunda si mtu, na Mkristo hazikwi kwa tunda." Mama hajui kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea.

Sikulaumu. Lakini mwana hamwiti baba yake kwa jina lake. Anayeweza kusimama pale na kumwita ni ndugu yake. Ndugu aliyebaki ni wewe.

Mwanao,
Nikanor Okello

—

Kisumu, 20 Oktoba 1934

Mwanangu,

Wote hawajambo.

Nimesoma barua yako. Mvua ya mawe juu ya paa la mabati hutoa milio ya kila namna, na mtu mwenye huzuni...

Nafasi ya chuo inangoja hadi mwisho wa Novemba.

Z. O.

—

Kericho, 10 Novemba 1934

Baba mdogo,

Hatujambo huku. Mvua haijapungua.

Nimepokea barua yako fupi. Nimeelewa. Barua ya kuwashukuru watu wa chuo na kuwaambia sitakuja nimeshaiandika, iko mezani. Nitaitia posta Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ili isemekane nilingoja.

Somo la tisa limefika. Ni zuri.

N. Okello

—

Kericho, Jumatatu, 26 Novemba 1934

Kwa wazee wa kanisa letu la Seme, na kwa wazee wa ukoo wetu, wasomewe pamoja. Nakala asomewe Beldina, mke wa marehemu ndugu yangu Elisha Obonyo.

Nawasalimu nikiwa katika nyumba ya mwanangu Okello, kwenye shamba la chai. Sisi ni wazima. Amekonda lakini anakula. Nilipofika Jumamosi nilikuta mezani barua ya kukataa nafasi ya chuo. Niliitia jikoni na kuchemshia maji, tukanywa maji hayo matupu, bila majani ya chai. Januari atapanda meli ya ziwa kwenda Uganda kusoma uhasibu na wenzake, wamcheke naye awacheke. Masomo ya London atayafunga kwenye sanduku aende nayo. Ubishi huo kati yetu umekwisha, wala si kwa hoja.

Nitawaambia kwa ufupi. Nilitoka Kisumu na tunda la yago ndani ya shuka jeupe. Ndani ya gari la moshi mkaguzi aliligusa kwa kalamu yake akaniuliza, "Mzee, umebeba nini?" Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno la kumjibu mtu mwenye kofia ya serikali, nilisema tu ni mzigo.

Jana baada ya ibada Mosoti alitupeleka mwisho wa mstari wa juu. Ile michai ni mirefu kunipita. Mvua ilikuwa imeshaanza, ya mawe, na tulisimama ndani yake kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukimbia. Nililiweka tunda chini. Nilimwita ndugu yangu kwa jina alilopewa na mama yetu, kisha kwa lile la ubatizo, kisha kwa jina la utani nililomwita tukichunga mbuzi, ambalo nyinyi hamlijui wala sitaliandika. Nilimwambia, "Twende nyumbani, Beldina amekaa sana."

Nilichosikia baada ya hapo sitakiandika pia. Okello alikuwepo, na Mosoti alikuwepo bila blanketi kichwani. Waulizeni. Mimi nitasema hili tu: nililibeba tunda lile kwenda kule kwa mkono mmoja. Kurudi, tulilibeba watu wawili, na tulipumzika njiani.

Sasa najua mtakavyosema, wazee wa kanisa. Mtasema, "Tunda si mtu." Sentensi hiyo naijua vizuri kuliko nyinyi. Ni fupi na inapendeza masikioni, nayo imesimama mlangoni pa mjane tangu 1926 ikimzuia mumewe kuingia. Yusufu aliwaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake Misri, nao wakaibeba jangwani, wala hakuna nabii aliyewaita wapagani. Kama mifupa yetu imefungwa na mizizi ya chai ya mtu mwingine hata jembe letu haliruhusiwi kuigusa, basi nionyesheni kwenye Maandiko kile mtakachonipa nibebe badala yake. Kama hamna, msinionyeshe uso uliokunjamana.

Basi nawadai, nanyi hamtapata nafasi ya kujibu, kwa kuwa barua hii inatutangulia kwa siku moja tu. Chimbeni kaburi. Lichimbwe upande wa kulia wa nyumba ya Beldina, kina kamili, urefu wa mwanamume mrefu, maana Obonyo alikuwa mrefu. Msilichimbe dogo kwa kuwa mmesikia ni tunda. Mchungaji aje na kitabu chake; asipokuja, nitasoma mimi, na Okello atasoma baada yangu. Celine amlete mtoto, na mbele ya kaburi la babu yake aitwe kwa sauti jina analolipenda. Na wewe Onesmo Nyang'au, mzee wa kanisa, uliyekuja na barua yangu nyumbani kwa Beldina mwaka ule na kusimama pale mpaka isomwe yote: wewe uje na jembe lako mwenyewe, uwe wa kwanza kupiga udongo.

Tutapanda gari la moshi Lumbwa siku ya Alhamisi. Nimemtuma Okello stesheni leo kukata tiketi, na nimemwambia akate tatu. Kaburi liwe wazi tukifika.

Zablon Ogola, ndugu yake